Toleo Lipi, Shangazi?

4 Februari

Shangazi,

Nimejiandikisha kwenye usaili wa piano wa chuo cha muziki. Sijamwambia mtu yeyote. Baba hajui, Mama hajui, hata mto wangu sijaunong'oneza. Nimeiweka sentensi hiyo juu kabisa kwa sababu najijua: ningeanza na salamu ningezunguka mpaka karatasi iishe, kisha ningetia sahihi na kwenda kulala.

Sasa nirudi nyuma nikuamkie kama mtu aliyelelewa vizuri. Shikamoo, Shangazi. Magoti yanaendeleaje na zile ngazi? Sisi hatujambo. Mama ameacha chumvi kwa ajili ya presha na ametuachisha sote, hata paka. Baba amepata kazi ya viti vya ukumbi mzima, na karakana imejaa viti vilivyopinduliwa. Ukiingia unadhani kuna mkutano wa watu waliolala chali. Mimi ndiye wa msasa. Vidole vyangu vimekuwa laini kama vya mtoto mchanga na kucha sina.

Ile piano ya hotelini bado ipo. Waliileta Baba aitengeneze mguu, hoteli ikafungwa, hakuna aliyerudi kuichukua. Baba anaitumia kuwekea makopo ya vanishi. Nikimaliza viti vyangu nayashusha makopo, napiga. Vitufe vya mwisho upande wa kulia havitoi sauti, maana panya walikula vitambaa vya nyundo zake za ndani zinazogonga nyaya, lakini vingine ni vizima.

Baba anadhani najiburudisha. Ameshazungumza na daktari wa meno, na mwezi wa saba nianze kazi pale mapokezi. Mapokezi, Shangazi! Mimi! Najizoeza mbele ya kioo kusema "Karibu, nikusaidie nini?" na hata yule wa kwenye kioo anaona aibu. Nikipata nafasi chuoni nitakuwa na neno la kumwambia Baba. Nisipopata, hatajua kamwe, nami nitakaribisha watu wenye mashavu yaliyovimba mpaka nizeeke.

Shida yangu ni hii. Wanataka sonata moja nzima. Nimechagua ile uliyokuwa ukiipiga sebuleni kwa Bibi, ambayo mwalimu wetu wa muziki shuleni alinifundisha nusu yake. Nota za shule nilizirudisha, kwa hiyo nikaenda duka la vyombo vya muziki. Kumbe sonata moja ina matoleo matatu! Moja la buluu, bei nafuu, limejaa alama mpaka nota zinakosa pumzi. Moja jeupe, ghali, karibu halina kitu. La tatu lina sungura kwenye jalada.

Muuzaji akaja. "Nikusaidie, dada?"

Nikamkodolea macho.

"Sonata ni sonata," akasema. "Wewe unapenda rangi gani?"

Nikaona aibu kutoka mikono mitupu. Nimerudi nyumbani na mkanda wa gitaa. Hatuna gitaa, Shangazi.

Usinipigie simu. Simu ni ya Baba na huiwekea spika ili karakana yote inufaike. Niandikie tu: nichukue toleo lipi? Na wewe ulipokwenda kwenye usaili wako, enzi zile, ulipiga lipi?

Mwanao asiyeongea.


20 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Sentensi yako ya kwanza niliisoma nikiwa mlangoni mwa posta, nikapiga kigelegele. Mzee mmoja akavua kofia akanipa pole.

Mimi mzima. Magoti yanalalamika lakini yanakwenda. Wiki hii nimerekebisha sauti za piano ya bibi mmoja tajiri ambaye hapigi hata kitufe kimoja. Ndani yake nimekuta soksi tatu, uma na paka. Paka ndiye aliyekuwa na hasira. Mwambie kaka yangu viti avipige vanishi mara mbili, asiwe mvivu, na asijue ni mimi niliyesema.

Sasa sikia. Mtunzi aliandika kwa mkono, kwa haraka, akafa. Waliobaki ndio wanaotuchapishia. Toleo jeupe linajaribu kukupa alichoandika, basi. La buluu limepitia mikononi mwa mhariri aliyekuwa mpiga piano hodari miaka mingi baadaye, naye hakuweza kunyamaza. Ni kama shangazi fulani anayekusimulia alichosema jirani: maneno ya jirani yamo, lakini na kukohoa kwake, na alivyobetua mdomo, na alichokusudia kusema. Hapa paza sauti, hapa ukanyage pedali, kidole hiki, pumua. Mwingine anamchukia mhariri wa namna hiyo. Mwingine amejifunza kila kitu kutoka kwake.

Nimekutumia yote mawili. La sungura sikutuma, nina heshima zangu. Fungua ukurasa wa mwisho, mkono wa kulia, pale sauti inapopanda. Weka vitabu bega kwa bega uangalie. Kisha chagua mwenyewe. Mimi sichagulii mtu toleo.

Na huo mkanda wa gitaa mfungie paka wenu asiyekula chumvi.

Shangazi yako.


9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo! Vitabu vimefika! Postamasta alikandamiza kifurushi akaniuliza kama ni vigae. Nikatikisa kichwa. Akauliza tena, nikatikisa tena. Sasa anaamini mimi ni bubu na ananisalimia kwa mikono. Nimeshachelewa kumsahihisha.

Nyumbani wazima. Mama amerudisha chumvi kidogo kidogo, kwa siri, akidhani hatuonji. Viti vya ukumbi vimekwisha, sasa kuna makochi. Baba amejaa sufi mpaka kwenye ndevu.

Nimeviweka bega kwa bega kama ulivyosema, juu ya kochi lisilo na kitambaa. Shangazi! Ukurasa wa mwisho havifanani! Kwenye jeupe sauti inapanda, inapanda, halafu inageuka na kushuka kana kwamba imegonga dari. Kwenye la buluu haigeuki. Inaendelea kupanda mpaka mwisho kabisa wa kulia, na nilipoziona zile nota zimekaa juu ya vistari vyao vidogo, juu ya mistari mingine yote, kama mtu aliyesimama juu ya ngazi ndefu, nikacheka peke yangu. Mama akachungulia kuona kama nina homa.

Ila ukipanda huko kwenye piano yetu unaingia kwenye vile vilivyoliwa na panya. Sauti inakwenda vizuri, vizuri, kisha tok, tok, tok, mbao tupu. Jana Baba alipaza sauti kutoka nje: "Huo msumari bado haujaingia tu?"

Sijali. Nazisikia kichwani. Nafunga macho, mkono unakwenda huko juu, na kichwani mwangu kunalia vizuri kuliko vitufe vizima. Nimechagua la buluu. Nimechagua! Mimi niliyerudi na mkanda wa gitaa!

Lakini niambie: kwa nini mtunzi mwenyewe aligeuka? Naye piano yake ililiwa na panya? Na mhariri alipata wapi ujasiri wa kuendelea?

Halafu swali langu uliliruka. Wewe ulipiga lipi? Usaili ni lini sikuambii, maana utapiga simu, na Baba ana spika.

Mwanao, mwenye furaha mpaka miguu inamuwasha.


3 Mei

Kasuku,

Marahaba, mwanangu. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na kazi nyingi, kisha mvua, kisha barua yako ikajificha nyuma ya mtungi wa maji, kisha nikaiona nikaificha tena mwenyewe. Afya ni nzuri. Mwenye nyumba amepaka ngazi zetu rangi bila kutuambia, na jengo zima tuna nyayo za kijani. Yeye mwenyewe zake ziko mpaka mlangoni kwake, na bado anauliza nani kachafua.

Umekaribia kupatia na yule panya wako. Zamani piano zilikuwa fupi. Mtunzi alipanda, vitufe vikaisha, akageuka. Alifika ukutani akafanya ukuta uwe sehemu ya wimbo. Miaka ikapita, piano zikarefushwa, akaja mhariri akasema: masikini, huyu angepata vitufe angeendelea. Akamuendeleza. Nani ana haki? Watu wazima wenye shahada wamenuniana kwa ajili ya hilo mpaka wakakataa kukaa meza moja.

Mimi nakuambia hivi tu: wasaili wengi siku hizi wanapenda jeupe. Ukienda na la buluu, wapo watakaokunja midomo. Mtu anayetaka nafasi kwa usalama angegeuka alipogeuka mtunzi mwenyewe. Lakini mimi sichagulii mtu toleo, nimeshasema.

Baba yako alinipigia wiki iliyopita. Aliniuliza nyundo za piano huvikwa kitambaa gani. Nikamuuliza anataka nini, akasema anauliza tu. Nami nikamjibu tu.

Umeuliza nilipiga lipi. Karatasi inakwisha.

Shangazi yako.


18 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi yako ilikuwa na nusu ukurasa mtupu. Nimeigeuza nikaangalia na nyuma.

Sisi wazima kimwili. Mama anakusalimia na anasema umtumie rangi ya kijani kama imebaki. Sasa niruhusu nilie kidogo, halafu nicheke, maana vyote vinanijia kwa pamoja.

Juzi nilirudi kutoka sokoni nikakuta makopo ya vanishi yamepangwa sakafuni na Baba amesimama kando ya piano, mikono nyuma, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Amezivika nyundo za vile vitufe vya kulia kitambaa kipya. Kitambaa cha kochi! Amekata vipande vidogo vidogo, akabandika kwa gundi, kimoja kimoja, nami sikujua.

"Piga sasa," akasema. "Tok tok yako ilinichosha. Piga tusikie."

Nikakaa. Nikapiga kutoka ukurasa wa mwisho. Sauti ikapanda vizuri, mkono ukaenda kwenye vitufe vipya, vikalia, Shangazi, vikalia kweli, laini kidogo kama mtu anayeongea akiwa na kitambaa mdomoni, lakini vikalia. Na kila kimoja kilikuwa kosa.

Kila kimoja! Pale pale nilihisi ni mimi, na usiku kucha nimechunguza nikaelewa. Vile vistari vidogo vya juu nilikosea kuvihesabu, nikaruka kimoja. Huko juu kote nilikuwa napiga kitufe kisicho chake. Miezi yote hii! Na sikuweza kujua, maana vilikuwa bubu, na kichwani mwangu vililia sawasawa. Nimejifunza makosa kwa bidii kubwa sana.

Lakini kibaya zaidi ni uso wa Baba. Alidhani ni yeye.

"Nimeharibu," akasema. "Nilidhani ni mbao na gundi tu. Nitavitoa."

"Si wewe, Baba. Ni mimi."

"Usinifariji. Masikio ninayo."

"Baba, vyako ni vizima! Mimi ndiye niliyejifunza vibaya!" Nilipiga kelele, Shangazi. Mimi. Mama alikuja mbio na mwiko.

Baba akaniangalia. "Umejifunza kwa ajili ya nini?"

Nikasema, "Kwa ajili ya vidole."

Akakaa juu ya kochi, akasema polepole, "Vidole," kama mtu anayesoma bango la mbali. Hakuuliza tena. Jioni alisema mezani kwamba daktari wa meno ni mtu mwema, hana haraka. Sijui anajua nini.

Sasa nimekwama. Usaili ni wiki mbili zijazo. Haya, nimekuambia. Mkono wangu unataka kwenda juu lakini umezoea makosa. Nikichukua jeupe naepuka lile jambo lote, nageuka, ninakuwa salama. Nikichukua la buluu lazima niufundishe mkono upya. Kila asubuhi napiga moja, kila jioni jingine. Nikila napiga yote mawili kwenye ukingo wa sahani.

Wewe ulipiga lipi? Mara hii nijibu, tafadhali. Nahitaji kujua jinsi mtu anavyochagua.

Mwanao.


24 Mei

Kasuku,

Marahaba. Mimi mzima, nyayo zetu bado za kijani, salamu zimekwisha.

Kitambaa cha kochi! Fundi kama mimi ilibidi nizimie. Nimecheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Mwache kaka yangu, usimruhusu atoe hata kipande.

Sikupiga lolote.

Nilikwenda na yote mawili mkobani. Nilikaa kwenye benchi la korido, jeupe goti hili, la buluu goti lile. Nikabadilisha. Nikabadilisha tena. Nilijiambia nikishachagua nitasimama. Mlango ukafunguliwa, nikaitwa, nami bado nilikuwa sijachagua. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nyumbani nikasema wamenikataa. Baba yako alikuwa kijana, alitaka kwenda kuwapiga. Ilibidi nimshike shati.

Ndiyo maana sichagulii mtu toleo. Si busara, mwanangu. Ni kwamba sijui. Tangu siku ile nazirekebisha piano za watu na kuwaachia wapige wao.

Kwa hiyo usiniulize mtu anachagua vipi. Chukua lolote, hata la sungura. Wakikuita, ingia.

Shangazi yako anayekupenda.


16 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo na shikamoo! U mzima? Magoti mazima? Kaa chini kwanza, maana utapiga kigelegele na mzee wa posta ana kofia moja tu.

Nimepata! Nimepata nafasi!

Nyumbani wote wazima na wamepagawa. Baba nilimwambia nikiwa nimeshika mlango ili nikimbie. Akapangusa gundi mkononi, akasema, "Basi daktari wa meno atafute mtu anayeongea." Halafu akaenda nyuma ya makochi akakaa huko muda mrefu, na aliporudi ndevu zilikuwa na sufi mpya. Mama ametia chumvi kwenye kila kitu kwa furaha. Hata chai.

Barua yako ilifika jioni ya kuamkia usaili. Niliisoma nimesimama. Sikulia, nilikaa tu nikaliwazia lile benchi. Asubuhi nikaamua: jeupe. Nitageuka alipogeuka mtunzi, salama, nimalize, nitoke kwa mlango wa mbele. Nilipofika waliniomba kitabu ninachopigia ili wafuatilie, nikawapa nakala ya jeupe. Benchi lilikuwepo, la chuma. Sikulikalia.

Chumba kina madirisha marefu na meza yenye wasaili watatu, mama mmoja mwenye miwani katikati. Mama huyo akasema, "Karibu." Nusura nimjibu, "Nikusaidie nini?"

Nikapiga. Sehemu ile ya mwisho hupigwa mara mbili, unajua, ukifika mwisho unairudia. Mara ya kwanza sauti ikapanda, ikafika ukutani, nikageuka. Vizuri kabisa. Nikairudia. Ikapanda tena, ikafika pale pale, na mkono haukugeuka. Ukaendelea! Ukapanda mpaka mwisho wa kulia, kitufe kwa kitufe, na kila kimoja kilikuwa sawa, na piano yao ililia huko juu kama glasi, bila kochi hata kidogo.

Nilipomaliza mama wa miwani alikuwa amekunja uso juu ya nakala yangu.

"Binti. Mara ya pili ulipiga nota ambazo humu hazimo."

Na hapo, Shangazi, mdomo wangu ukafunguka. Sijui ulikuwa wapi miaka yote hii. Nikasema piano za zamani zilikuwa fupi. Nikasema ukuta unaweza kuwa sehemu ya wimbo. Nikasema mhariri alimpa mtunzi vitufe alivyokosa, na kwamba mimi siwezi kumnyima mmoja wao haki yake, kwa hiyo mara ya kwanza nimempigia mtunzi na mara ya pili nimempigia mhariri. Nikaeleza kwa mikono. Nikaeleza na mambo ya nyundo. Msaili wa kushoto akasema, "Tumekuelewa," nami nikaendelea. Akasema tena, "Binti, tumekuelewa," mama wa miwani akacheka mpaka akavua miwani akaifuta.

"Nani alikufundisha kuamua hivyo?"

"Shangazi yangu," nikasema. "Ni fundi piano."

"Ni uamuzi wa kukomaa sana," akasema, na yule wa kushoto akaandika. Kwenye majibu yao imo, nimeisoma mpaka karatasi imelegea: mwanafunzi ana mawazo yake na anabishana na nota. Mimi, Shangazi! Mbishi! Postamasta akijua atazimia.

Sasa linakuja la mwisho, na hili sijamwambia Baba wala Mama. Haukuwa uamuzi. Nilikusudia kugeuka mara zote mbili, naapa. Mkono ndio ulioondoka. Nilikuwa nimekaa pale nautazama ukienda, na maelezo yote yale yalinijia baadaye, nikiwa nimeshafungua mdomo. Nimewaza iwapo ni udanganyifu, na bado sijajua. Ila nakuambia wewe kwa sababu ya lile benchi lako. Ulikuwa unangoja uchague kwanza ndipo uingie. Mimi niliingia na nilichochagua, na hakikudumu hata mpaka mwisho wa wimbo.

Kwa hiyo tafadhali, Shangazi, wakikuuliza mwanao alifikiriaje kuunganisha matoleo mawili, kaza uso, sema alifikiria sana. Siri ya mkono ibaki kwako na kwangu. Usimwambie mtu yeyote.